Tyubu za duka la vifaa vya shule au chupa za matone? Tathmini ya rangi za kugawia vijisanamu

Praima, yaani koti la kwanza la kushikilia rangi, ikishakauka kwenye kijisanamu cha askari, nusu saa inayofuata ndiyo itakayokuambia kama ulinunua rangi au ulinunua maji yaliyotiwa rangi. Ndiyo nusu saa ya kugawa: shati linapigwa rangi yake, suruali yake, ngozi yake, mikanda na buti vyake, koti (yaani tabaka) moja moja, bila kivuli, bila mwangaza, wala kuhangaika na mipaka. Kinachotafutwa ni kuuona mpango mzima wa rangi kwenye kijisanamu kizima kabla ya kuutolea jasho.

Tathmini hii inahusu kazi hiyo moja. Zimelinganishwa aina mbili ambazo mtu wa Kampala anaweza kuzipata. Ya kwanza ni tyubu za akriliki za 12 ml, zile za boksi la rangi 12 au 24, zinazouzwa kwenye maduka ya karatasi na vifaa vya shule kama yale ya Nasser Road na Nkrumah Road. Ya pili ni chupa za matone zinazotengenezwa kwa ajili ya vijisanamu hasa; mfano uliotumika ni Vallejo Model Color kutoka Hispania, chupa za 17 au 18 ml kutegemea toleo. Uwanja wa majaribio ni askari wa plastiki ngumu wa milimita 28, juu ya praima ya kijivu.

Hukumu itangulie. Usinunue seti kubwa ya chupa. Chagua chupa sita, zinazobaki ziwe tyubu. Methali ya rahisi ghali ina ukweli nusu hapa, na nusu yenyewe inategemea ni rangi gani imo ndani ya tyubu. Muuzaji atakwambia, "Ssebo (bwana), rangi ni rangi." Kwa kahawia yuko sawa. Kwa njano anakuuzia mateso.

Kwa nini kugawa kutangulie

Mwenye haraka humaliza uso kwanza. Anapaka ngozi, anatia kivuli chini ya pua, mwangaza mashavuni, jicho, mboni ya jicho. Saa mbili zimekwisha. Halafu anapiga shati la kijani, na ule uso aliouhangaikia unageuka mwekundu kama wa mlevi, kwa sababu kijani huchochea wekundu wowote ulio jirani yake. Rangi ya ngozi haikubadilika. Kilichobadilika ni jirani. Aliyegawa kwanza angeliona hilo katika dakika ya kumi na tano, na dawa yake ingekuwa koti moja jembamba.

Tena kila badiliko ni tabaka. Kwenye sanamu ya milimita 28, nafasi kati ya kidole na kidole haifiki unene wa sindano. Makoti manne mazito yanaufanya mkono uonekane umevaa glovu ya kuokea mikate. Ndiyo maana mabadiliko yafanywe mapema, rangi ikiwa bado tabaka moja, si baada ya woshi (rangi nyepesi inayokimbilia mikunjoni kutia kivuli) na mwangaza.

Mpangilio wenyewe: brashi namba 2, si zile nyembamba za namba 000 ambazo rangi hukauka nchani kabla hazijafika kwenye sanamu. Anza na kilicho ndani ndipo utoke nje: ngozi, nguo ya ndani, nguo ya nje, mikanda, silaha. Ukivuka mpaka, endelea. Rangi ya nje itaufunika mpaka huo. Ukimaliza, weka kijisanamu umbali wa mkono mmoja na ufinye macho hadi sura ipotee, yabaki mabaka tu. Kisha kipige picha kwa simu na uiondolee picha rangi. Shati na suruali zikitokea kijivu kilekile, mpango ni dhaifu hata kama moja ni buluu na nyingine nyekundu: mezani, kwa umbali wa mita moja, jicho hutenganisha weusi na weupe kabla ya kutenganisha rangi.

Fanya haya kwa kijisanamu kimoja cha majaribio. Kikosi kikiwa cha kumi, tisa vinavyobaki visiguswe mpaka hicho kimoja kikubalike.

Tyubu

Siri ya tyubu ni bei ya chembe za rangi zilizomo. Kahawia, hudhurungi na njano ya udongo hutokana na oksidi za chuma. Ni oksidi zilezile zinazoupa udongo wetu wekundu rangi yake na kuharibu kanzu nyeupe siku ya mvua. Ni chembe rahisi na zinafunika vizuri, kwa hiyo hata mtengenezaji bahili hana sababu ya kuzipunja. Nyeusi nayo ni masizi. Tyubu hizi nne, yaani nyeusi, kahawia iliyokoza, kahawia nyekundu na njano ya udongo, zilifunika praima ya kijivu kwa makoti mawili, sawa na chupa. Kulipia mara kadhaa zaidi kwa rangi hizo ni kumnunulia jirani soda.

Mambo yanageuka kwenye njano angavu, nyekundu, chungwa na zambarau. Chembe za rangi hizi kwa kawaida ni za kemikali za viwandani, ghali kidogo na zinazopitisha mwanga, na kwenye tyubu za bei ya chini hupunguzwa na nafasi yake kujazwa chaki. Makoti manne ya njano juu ya kijivu yaliacha njano ya mgonjwa wa ini. Juu ya praima nyeusi hata usijaribu: itatoka kijani. Ikibidi utumie tyubu hiyohiyo, tanguliza koti la njano ya udongo au la pinki hafifu, kisha njano juu yake. Makoti mawili yatatosha. Nyekundu nayo ipewe kitanda cha kahawia nyekundu.

Buluu ni mkasa wa namna nyingine. Buluu ya tyubu mara nyingi ni kali mno, tone moja laweza kuchafua kisahani kizima, lakini yenyewe inapitisha mwanga kama kioo cha chupa ya bia. Changanya na nyeupe kidogo, ukubwa wa punje ya mtama kwa punje ya harage la buluu, nayo itafunika. Nyeupe ya tyubu ibaki kazi hiyo ya kuchanganyia. Ukiipaka peke yake inatoka kama chokaa ya ukutani, na ukiipitisha kati ya vidole utahisi mchanga.

Kuhusu maji: tyubu hutoa rangi nzito kama dawa ya meno. Weka kiasi cha punje ya harage kwenye kisahani, ongeza maji ya kiasi hichohicho polepole, ukoroge mpaka iwe nzito kama maziwa freshi. Ikiwa kama mtindi, alama za brashi zitabaki milele. Maji yakizidi mara mbili ya rangi, gundi iliyomo inakosa nguvu: rangi inakimbilia mikunjoni, inaacha vilele vikiwa wazi, na inapokauka inaacha duara kama la kikombe cha chai mezani. Kipimo kiko mkononi mwako: pitisha brashi kwenye ukucha wa dole gumba. Ikitiririka hadi kwenye nyama ya kidole, bado ni maji. Futa brashi kwenye tishu kabla ya kugusa sanamu, kila mara.

Kasoro ya mwisho ya tyubu ni mng'ao. Nyingi hukauka ziking'aa kama ndoo ya plastiki, na mng'ao huo unadanganya unapotathmini mpango, kwa sababu nuru ya taa inakaa juu ya shati jeusi na kulifanya lionekane la kijivu. Koti la vanishi isiyong'aa huondoa tatizo, ila basi umeongeza hatua.

Chupa

Chupa za matone zinashinda kwa jambo ambalo matangazo hayalitaji sana: hesabu. "Matone matatu ya kahawia, moja la nyeupe, mawili ya maji" ni maandishi unayoweza kuyarudia baada ya miezi sita ukipata askari wengine kumi. Tyubu hukupa "kipande kama dengu", na dengu la leo si dengu la kesho. Kwa anayepaka kikosi cha thelathini, kofia thelathini zenye khaki ileile zinategemea hesabu hiyo. Andika mchanganyiko kwenye daftari siku ileile uliyougawa, si kesho yake.

Chembe zake ni laini na nyingi, rangi inakauka bila mng'ao mkubwa, na inafika kwenye sanamu ikiwa tayari nusu nyepesi. Tone moja la maji kwa mawili ya rangi linatosha. Na bei, inayotisha ukiitazama kwa chupa, hupungua ukiitazama kwa tone. Mililita moja ni kama matone ishirini, hivyo 17 ml ni takriban matone 340.

Kasoro zipo. Chupa iliyokaa hutengana: ukiiminya bila kuitikisa, tone la kwanza ni gundi tupu isiyo na rangi, na ukilipaka utaapa kwamba umeuziwa bandia. Itikise dakika nzima. Wengi huongeza gololi ndani ili zikoroge. Wazo zuri, ila gololi za baiskeli usiziweke: ni chuma cha kawaida, kitashika kutu ndani ya rangi ya maji, na nyeupe yako itakuwa chai ya maziwa. Tumia gololi za chuma kisichoshika kutu, au shanga mbili za kioo. Si za plastiki, kwani ni nyepesi mno kukoroga chochote. Ncha ikiziba, ichokoe kwa pini. Ukiiminya kwa hasira, itapasuka na kutapika robo ya chupa.

Pia koti lake ni laini kabla ya vanishi. Vidole vyenye jasho vinavyokamata kichwa cha askari kwa nusu saa vitafuta rangi kwenye pua na kofia. Bandika sanamu juu ya kizibo cha soda au kopo tupu la dawa kwa gundi ile ya kubandikia picha ukutani, ushike kopo.

Vipi kuhusu Citadel, chapa nyingine ya rangi za vijisanamu? Rangi zake za msingi zinafunika kwelikweli, lakini huja kwenye vikopo vya 12 ml visivyo na tone, kwa hiyo faida ya hesabu inapotea, na kifuniko kinachochafuka rangi hakifungi sawasawa. Zile zake ziitwazo Contrast, zilizotoka mwaka 2019 kwenye vikopo vya 18 ml, zinatoa kivuli na mwangaza kwa koti moja juu ya praima nyeupe. Kwa kugawa mapema hazifai. Ni rangi zinazopitisha mwanga: ukikosea, huwezi kuzifunika kwa Contrast nyingine, unarudi kwenye nyeupe na kuanza upya. Ziwekee siku ambayo mpango umeshakubalika.

Mtihani mgumu: kahawia juu ya kahawia

Rangi angavu humtisha anayeanza, lakini kigumu zaidi ni askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Batalioni ya 4 ilikuwa ya Uganda, na mpango wa rangi umeshapangwa na historia: khaki. Sasa hesabu: sare ya khaki, ngozi ya kahawia, mkanda wa ngozi, mti wa bunduki, ardhi kavu chini ya miguu. Vyote vitano viko katikati ya giza na mwanga. Aliyevipaka kimoja kimoja kwa uangalifu anagundua mwishoni kwamba ana tonge la udongo lenye macho.

Kugawa mapema ndiko kunakookoa hapa. Khaki isogezwe juu, iwe nyepesi na yenye kuelekea kijani au kijivu. Nguo inayofuliwa na kuanikwa kwenye jua la savana hupauka, basi si uongo. Ngozi ishushwe chini: kahawia nyekundu ya tyubu, sehemu mbili kwa moja ya kahawia iliyokoza. Usitie nyeusi. Nyeusi huifanya ngozi kuwa ya majivu, kama mtu aliyetoka kusaga unga. Kivuli chake kije baadaye kwa kahawia yenye zambarau kidogo, na mwangaza kwa njano ya udongo, kamwe si kwa nyeupe. Mkanda uwe mweusi-kahawia, mti wa bunduki uwe na wekundu. Ukifinya macho uone mabaka matatu: nguo nyepesi, ngozi ya wastani, vifaa vyeusi. Yakionekana mawili tu, rekebisha khaki kwanza, kwani ndiyo iliyochukua eneo kubwa.

Lalamiko dogo: seti nyingi za rangi, za tyubu na za chupa, zina kitu kinachoitwa "ngozi" na ni ngozi ya Mzungu aliyekaa kivulini. Usilipie. Tyubu mbili za kahawia na moja ya njano ya udongo zitakupa kila ngozi kuanzia Arua hadi Kabale.

Mpango wa kuazima: korongo

Kwa vikosi vya kubuni, ambapo hakuna historia ya kukuamulia, kuna mpango umekaa kwenye bendera ya Uganda. Korongo mwenye taji ana mwili wa kijivu, mabawa yenye weupe mwingi, kahawia kidogo, taji la dhahabu, na wekundu kidogo shavuni na kidevuni. Uhamishe hivyohivyo: kijivu kwa nguo, takriban sehemu sita kati ya kumi; nyeupe iliyovunjwa kwa joho au ngao, sehemu tatu; inayobaki igawane dhahabu, nyeusi na nyekundu. Cha kuiga kwa korongo ni mahali alipoweka rangi kali. Taji la dhahabu na wekundu viko kichwani, na jicho la mtazamaji linakwenda hukohuko. Wengi huharibu mpango huu kwa kupaka buti nyekundu, na mtazamaji akaanza kutazama miguu.

Kitako cha kijisanamu nacho kigawiwe siku ileile. Kijivu juu ya udongo mwekundu kinaonekana baridi, karibu na buluu. Juu ya majani kinaonekana kimechakaa. Udongo wenyewe wa murramu, uliokaushwa juani na kuchungwa kwa chujio la chai, unashika vizuri kwa gundi nyeupe ya mbao, lakini utakoza ukilowa gundi na haupauki kurudi ulivyokuwa. Ushikize kwanza, ukauke, ndipo uamue kijivu chako kiwe chepesi kiasi gani.

Praima, hewa na taa

Praima ya kijivu ya magari, ya kopo la kupuliza, inafaa kwa plastiki ngumu, na pale Kisekka, soko la vipuri vya magari, si kitu cha kutafuta sana. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vijisanamu. Baadhi zina thina kali inayoyeyusha plastiki. Pulizia umbali wa sentimita 20 hadi 30, mapitio mawili au matatu mepesi. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hewa ikiwa na unyevu koti linakauka kama limenyunyiziwa unga. Ngoja saa nne au tano asubuhi, jua likiwa limetoka. Vijisanamu vya plastiki laini, vile vinavyopinda kama sapatu, praima ya magari itababuka kwenye mikuki na bunduki.

Akriliki hukoza inapokauka, kwa sababu gundi yake ni nyeupe ikiwa mbichi na hugeuka kama kioo ikikauka. Kwa hiyo usirekebishe rangi mbichi ukilinganisha na kavu. Subiri dakika kumi. Wala usiamue mpango chini ya taa ya njano umeme ukikatika: buluu iliyokoza na nyeusi zitakuwa ndugu, na asubuhi utakuta uliyodhani ni nyeusi kumbe ni buluu. Taa nyeupe ya LED ya kelvini 5000 hadi 6500 ndiyo inayokaribia mwanga wa mchana.

Rangi isikauke kwenye kisahani: mkebe wa majarini, tishu zilizoloweshwa chini, karatasi ya kuokea juu. Kifuniko kikiwekwa, mchanganyiko wa leo utatumika kesho. Kwa joto letu huota ukungu baada ya siku chache. Matone mawili matatu ya jiki kwenye maji ya tishu yanauchelewesha.

Chupa sita zenyewe

Njano ya dhahabu, nyekundu angavu, nyeupe ya pembe, khaki, fedha ya metali, na woshi ya kahawia iliyokoza. Fedha imo kwa sababu ya tyubu ina chembe kubwa zinazoonekana moja moja kama pambo la kadi ya Krismasi. Khaki ungeweza kuichanganya mwenyewe. Imo kwa ajili ya kurudiwa sawasawa. Ongeza vanishi isiyong'aa mfuko ukiruhusu.

Kwa kawaida chupa huagizwa au huletwa na msafiri. Atakayekuja kwa ndege mwambie makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye mizigo, na kila chupa ya matone iwekwe kwenye mfuko wake wa plastiki ncha ikitazama juu, kifuniko kikiwa kimefungwa kwa selotepu. Hewa ndani ya chupa hutanuka ndege ikipanda, na ile isiyofungwa vizuri, mara nyingi nyekundu, itafika Entebbe ikiwa nusu.